USHAHIDI WA SIMU NA KOMPYUTA NI AMANA: NANI KATI YETU ATAUSOMEA?

(Nakala ya mhadhara kwa wazazi na vijana waliohitimu kidato cha sita)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote waufuatao mwenendo wake. Amma ba'ad.



Kila mwaka yatokapo matokeo ya kidato cha sita, wazazi huwaendea masheikh wao na kuuliza: Kijana wangu asomee nini? Wengi hutaja udaktari, sheria na ualimu, na zote hizo ni kheri. Leo nataka kuzungumzia taaluma ambayo wachache huitaja: usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, huifundisha katika ngazi ya shahada ya kwanza. Je, yatuhusu nini sisi watu wa msikitini?

HALI YETU ILIVYO

Nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua, ukimwambia ile pesa aitume kwenye namba hii? Mauzo ya maduka yetu, zaka zetu na michango ya misikiti yetu siku hizi hupita katika simu. Fedha ilipokaa kwenye kibubu, mwizi alilazimika kuvunja mlango, na jirani akasikia. Leo mwizi yuko mbali, wala mlango hauvunjiki.

Mwezi Februari mwaka 2016, wezi waliingia katika mfumo wa kompyuta wa Benki Kuu ya Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu. Waliagiza karibu dola bilioni 1 zihamishwe kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York. Zingatieni siku waliyoichagua: usiku wa Alkhamisi, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko kule. Mashine iliyokuwa ikichapisha kumbukumbu za malipo waliinyamazisha. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa yake haikurudi. Dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilizuiwa kwa sababu wezi walikosea herufi katika jina la mpokeaji.

Wachunguzi walipofika walikuta programu iliyotengenezwa ili kufuta nyayo za wezi. Hata hivyo, nyayo nyingine zilibaki. Kwa kuzifuatilia, mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani walimshitaki mtengeneza programu mmoja wa Korea Kaskazini. Elimu ya kufuata nyayo hizo ndiyo tunayoizungumzia.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Ndugu zangu katika imani, Suratu Yusuf inatusimulia jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyosingiziwa na mke wa bwana wake. Shahidi aliyekuwepo alielekeza macho kwenye kanzu: imechanwa mbele au nyuma? Ilipoonekana imechanwa nyuma, ukweli ulidhihiri. Kitu kisicho na ulimi kilimtakasa mja mwema, kwa kuwa alikuwepo mtu aliyejua kukisoma.

Tazameni pia wanavyuoni wa hadithi. Hawakuridhika kuambiwa tu kwamba Mtume (s.a.w.) amesema. Waliuliza: Umeipokea kwa nani? Naye aliipokea kwa nani? Je, walikutana? Ni mkweli? Hifadhi yake ni madhubuti? Isnadi ikikatika mahali pamoja, hadithi huhesabiwa dhaifu, hata maneno yake yawe mazuri namna gani.

Sasa sikilizeni kazi ya mchunguzi wa kidijitali. Akikabidhiwa simu, huandika ameipokea kwa nani, siku gani na saa ngapi, na kila mkono utakaoishika baada yake huandikwa. Huitenga na mtandao ili aliye mbali asifute kilichomo. Inapowezekana huchukua nakala kamili ya kumbukumbu zake, kisha huchunguza nakala na kuacha asili ilivyo. Nakala hiyo huikokotolea alama kwa kanuni ya hisabati. Mojawapo, iitwayo SHA-256, hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Likibadilishwa neno moja tu ndani ya nakala, alama yake haitalingana tena na ile ya mwanzo. Hiyo ndiyo isnadi ya zama zetu. Itakuwaje umma uliouzoesha ulimwengu kuuliza habari imetoka kwa nani uwe mgeni katika elimu hii?

UZITO WAKE MBELE YA SHERIA

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokewa mahakamani. Katika kuupima, mahakama hutazama jinsi ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Kwa hiyo kijana aweza kufungwa au kuachiwa kwa ujumbe uliomo ndani ya simu. Ikiwa asiyejua ameifungua simu ile ovyo ovyo, mwenye hatia aweza kuponyoka, na asiye na hatia akaangamia. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujuraat tuihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Tutahakikishaje tusilolijua?

Ndiyo maana nasema kuwa elimu hii ni fardhi kifaya: wakiisoma wa kutosha, wengine huepukana na lawama, wakiiacha wote, wote tutaulizwa.

MIPAKA YAKE

Vijana wangu, sikilizeni kwa makini. Sura hiyo hiyo ya Hujuraat imekataza kupelelezana, na Suratun Nuur imetukataza kuingia nyumba za watu bila idhini. Simu ya mtu ni nyumba yake. Anayejifunza kufungua kufuli hajapewa ruhusa ya kufungua kila mlango. Kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata ukisema ulikuwa unajaribu tu. Mtaona siri za watu, na kuzitangaza ni khiyana. Asiyeweza kuuzuia ulimi wake asiisomee kazi hii.

Nanyi wazazi, msidhani elimu hii ni ya watoto wa kiume pekee. Wapo mabinti wanaotishwa kwa picha zao, wakidaiwa fedha au heshima yao, nao hunyamaza kwa kuona haya kumkabidhi mwanamume simu hiyo. Wakiwepo wanawake wachamungu wenye taaluma hii, mabinti hao watapata pa kukimbilia. Mzazi anayemzuia binti yake mwenye uwezo na afikiri nani atawasitiri hao wengine.

Mlango wa taaluma hii ni hisabati. Basi tuanze tangu madarasa ya chini, na madrasa zetu zenye nafasi zitenge saa za jioni kuwafundisha watoto hesabu na matumizi ya kompyuta. Mwenye mali amsaidie asiye na ada.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafanye vijana wetu kuwa mashahidi wa haki, aihifadhi mikono yao na khiyana, na azisitiri aibu zetu duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.