Kiswahili katika Vifurushi vya Programu: Upatanisho wa Kisarufi na Maandishi ya Skrini



Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa mjadala wa istilahi. Wataalamu wamebishana iwapo mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kila upande umekuwa na hoja zake. Mjadala huo umezaa matunda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo isingewezekana bila orodha ya istilahi. Hata hivyo, istilahi ni matofali tu. Nyumba hujengwa kwa sentensi. Mhadhara huu unadai kwamba kikwazo kikubwa cha Kiswahili kwenye skrini si uhaba wa maneno, bali ni namna vifurushi vya programu vinavyotarajia sentensi iundwe.

1. Kifasiri na vipengele vya skrini

Kifasiri ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa katika lugha ya programu na kuyatekeleza papo hapo. Mfano mmoja utatosha kwa mada hii. Lugha ya Tcl ilibuniwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Baadaye ikaongezewa kifurushi cha pili, Tk, kinachochora madirisha, menyu na vitufe. Vifurushi hivi viwili vimesafiri mbali. Lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991, huitumia Tk kupitia moduli ya Tkinter, kwa hiyo wanafunzi wengi wanaojifunza kutengeneza dirisha lao la kwanza kwa Python huwa wanaitumia Tk bila kujua.

Tcl ina sifa inayompendeza mwanaisimu: ndani yake kila thamani huweza kutazamwa kama matini, iwe nambari, orodha au amri. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 1999, matini hayo huhifadhiwa kwa mfumo wa Unicode, na kifasiri huja na kifurushi kiitwacho msgcat ambacho kazi yake ni kutafuta tafsiri. Mtunga programu huandika ujumbe kwa lugha yake. Msgcat hutazama lugha ya mtumiaji, hufungua jedwali la tafsiri, kisha hurudisha ujumbe uliotafsiriwa. Ikiwa mtumiaji amechagua Kiswahili cha Kenya, utafutaji huanzia hapo, hupanda hadi Kiswahili kwa jumla, kisha hufika kwenye shina. Kwa hiyo tofauti ya istilahi kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ambayo imechukua muda mwingi wa makongamano, kwa mashine ni jambo jepesi: tofauti huandikwa kwenye jedwali dogo la nchi, na yaliyo ya pamoja hubaki kwenye jedwali la lugha.

Ujumbe usiopatikana kwenye majedwali yote hurudishwa jinsi ulivyo. Hii ndiyo asili ya skrini zenye kitufe kimoja cha Kiswahili na kingine cha Kiingereza.

2. Kile ambacho kifasiri kinakijua

Kiswahili kimo tayari ndani ya Tcl. Toleo la 8.5, lililotoka Desemba 2007, lina jedwali la Kiswahili kwa ajili ya tarehe. Kifasiri kinaweza kutaja Jumapili hadi Jumamosi, Januari hadi Desemba, na kutofautisha KK na BK.

Jedwali hilo dogo lina funzo. Katika Kiingereza, jina la siku hufupishwa kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo. Kanuni hiyo ikitumiwa katika Kiswahili, siku tano kati ya saba zitaandikwa Jum, na kalenda haitakuwa na maana. Aliyeandaa jedwali alilielewa hilo. Aliandika Jpi, Jtt, Jnn, Jtn na Jmo, akaacha Alh na Iju zifuate kanuni ya kawaida. Uamuzi huo mdogo ni wa kimofolojia: ametambua kwamba Juma- ni sehemu inayojirudia na kwamba taarifa yote imo katika kilichobaki.

Kwa upande wa Tk hali ni tofauti. Katika toleo la 8.6 la mwaka 2012, maandishi ya madirisha ya msingi, yaani yale ya kufungua faili, kukubali na kughairi, yamo kwa Kijerumani, Kicheki, Kigiriki, Kihungari, Kipolandi, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, pamoja na Kiesperanto. Kiswahili hakimo. Kifasiri kinachoijua Jumatatu kinachora kitufe kisichojua kusema Ghairi. Waliotafsiri kwa Kiesperanto hawakuwa taifa wala hawakuwa na wizara. Walikuwa na mtu aliyekaa akaandika faili la kurasa chache na kulituma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

3. Pale upatanisho unapokatika

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuhimiza tafsiri. Lakini tafsiri ikishafanyika, tatizo la pili hujitokeza.

Vitufe vyenyewe havina shida. Kitenzi cha Kiswahili katika hali ya kuamrisha husimama peke yake bila kiambishi: futa, hifadhi, funga, fungua, chapisha. Maneno haya ni mafupi, hayapatanishwi na nomino yoyote, na hutosha ndani ya kitufe.

Shida huanza mashine inapotoa taarifa. Mtunga programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika kiolezo kimoja: pengo la jina la kitu, likifuatiwa na neno moja lenye maana ya kufutwa. Katika Kiingereza neno hilo halibadiliki. Mfasiri wa Kiswahili, aliyepewa orodha ya vipande bila muktadha, hulazimika kuchagua umbo moja, na mara nyingi huchagua imefutwa. Picha imefutwa ni sentensi sahihi. Lakini pengo lilelile hujazwa na waraka, ambao umefutwa. Kiungo, ambacho kimefutwa. Nenosiri, ambalo limefutwa. Na mtumiaji, ambaye amefutwa. Katika wingi, picha na nyaraka zimefutwa, viungo vimefutwa, watumiaji wamefutwa. Kiolezo kimoja cha Kiingereza kimegeuka maumbo mengi ya Kiswahili, na kifurushi kimeacha nafasi ya moja tu.

Ndivyo ilivyo kwa vivumishi. Neno lenye maana ya -pya, likiwa peke yake katika menyu, halina jibu moja: picha mpya, kiungo kipya, nenosiri jipya, watumiaji wapya. Hata mfumo wa gettext, ambao Python huja nao na ambao huruhusu kila lugha itangaze idadi ya maumbo yake ya wingi, hautoshi. Kiswahili hutangaza maumbo mawili, moja la kitu 1 na jingine la vilivyobaki. Tangazo hilo ni sahihi kuhusu idadi, lakini halisemi lolote kuhusu ngeli.

Madhara yake si ya kitaaluma tu. Mtumiaji anayesoma kiungo imefutwa kila siku hafikirii kwamba kiolezo kiliundwa vibaya. Atasema mojawapo ya mambo mawili: kwamba Kiswahili cha kompyuta ni kibovu, au kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Kisha atairudisha mashine kwenye Kiingereza. Lugha inalaumiwa kwa kosa la kifurushi. Na mtoto anayejifunza kusoma kwenye skrini hiyo hupokea kosa hilo kama sarufi.

4. Njia zilizopo

Ufumbuzi upo, na hauhitaji kubuni kifasiri kipya. Njia ya kwanza ni kuwataka watunga programu watafsirishe sentensi nzima badala ya vipande. Sentensi ya faili iwe moja, ya picha nyingine, ya mtumiaji nyingine. Jedwali litarefuka kidogo, lakini kila mstari wake utakuwa Kiswahili.

Njia ya pili ni kutumia mapengo yenye nambari, ambayo msgcat huyakubali. Kiingereza hutanguliza idadi kabla ya nomino. Kiswahili hutanguliza nomino. Mapengo yakiwa na nambari, mfasiri ana uhuru wa kuyapanga upya, na mafaili 5 yamefutwa huandikika bila kumbughudhi mtunga programu. Inafaa kuona pia kwamba tarakimu humsaidia mfasiri: 5 haidai kiambishi, ilhali kwa maneno ni mafaili matano lakini viungo vitano.

Njia ya tatu ni jedwali la ngeli ndani ya programu. Kila nomino ya skrini huandikwa pamoja na viambishi vyake vya umoja na wingi, na kifasiri huunda kitenzi chenyewe. Hapa ndipo mwanaisimu hawezi kukosekana. Atamwambia mtunga programu kwamba kiongozi, japo ana ki- ya ngeli ya kiungo, hupatanishwa kama kiumbe hai, kwa hiyo amefutwa wala si kimefutwa. Atamwonya kwamba -refu huwa ndefu na -zuri huwa nzuri. Atamkumbusha kwamba neno faili hupatanishwa na baadhi ya wazungumzaji kwa li- na ya-, na wengine kwa i- na zi-, na kwamba programu moja isichanganye mifumo miwili.

5. Hitimisho

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulikia tahajia na vitabu, kwa kuwa kitabu ndicho kilichokuwa chombo cha usanifishaji wa zama hizo. Leo sentensi fupi za skrini husomwa mara nyingi kuliko kurasa nyingi za vitabu, na huandikwa na watu wasiowahi kusikia neno upatanisho. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaoweza kuchambua ngeli kwa ustadi. Idara za kompyuta zina wanafunzi wanaoweza kuandika jedwali la msgcat kwa saa chache. Mara nyingi makundi haya mawili husoma katika chuo kimoja. Wakikutanishwa kwenye meza moja, tasnifu moja ya shahada ya kwanza inaweza kukipa kifasiri kinachoijua Jumatatu kitufe chake cha Ghairi, na kuhakikisha kwamba kiungo, kila kinapofutwa, kimefutwa.