MATUMIZI YA OILI KATIKA INJINI ZA NDANI YA VYOMBO
(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya wavuvi, Kigamboni)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo huzua ubishi katika vikao vyetu vya hesabu. Nahodha anaomba lita mbili za oili. Mweka hazina anauliza za mwezi uliopita zimekwenda wapi. Chombo ni mali ya wanachama wote, na kuuliza ni wajibu wake. Lakini tusipojua kiasi ambacho injini nzima hula, mtu mwaminifu atadhaniwa mwizi, na injini mbovu itaachwa iende baharini.

Kwanza, hakuna injini isiyokula oili. Wengi wetu tumezoea mashine za kufunga nyuma ya mashua, zile za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo ina desturi nyingine. Oili yake hukaa katika sampu na kuzunguka humo humo. Hata hivyo, ringi za pistoni huacha utando mwembamba katika kuta za silinda, na utando huo huungua kidogo kidogo. Nyingine hupenya kwenye vali, na nyingine hutoka kama mvuke.

Ni kiasi gani basi? Hesabu iliyo bora hulinganisha oili na dizeli iliyotumika. Kwa injini nyingi zilizo nzima, oili inayoungua ni kati ya lita 1 na 5 kwa kila lita 1,000 za dizeli. Kwa hiyo chombo kilichomaliza pipa la lita 200 huweza kudai robo lita, nusu lita, hata lita moja, pasiwe na kosa. Kauli ya mwisho imo katika kitabu cha mtengenezaji. Injini mpya, au iliyotiwa ringi mpya, hula zaidi katika saa zake za mwanzo, mpaka ringi zikae sawasawa.

Pili, kupima. Injini izimwe kwa dakika 10 au zaidi, chombo kikiwa kimeelea sawa. Ndipo kijiti kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe, kisha kisomwe. Anayepima chombo kikiwa kimelala ubavu ufukoni wakati wa maji kupwa, hupima uongo. Wala oili isijazwe kupita alama ya juu, kwani krenki huipiga ikawa povu, na sehemu yake hupanda kwenye silinda na kuungua bure.

Tatu, dalili. Moshi wa buluu baada ya injini kupata moto ni oili inayoungua. Oili iliyomo katika ngama imevuja. Zitazamwe sili, gasketi na chujio. Injini inayoachwa ikinguruma polepole usiku kucha bila mzigo hujidhuru, kwa kuwa kuta za silinda huwa laini kama kioo, na ringi hushindwa kuipangusa oili.

La kuogopwa zaidi ni oili inayopanda bila ya mtu kuongeza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi yenye harufu ya dizeli, dizeli imeingia. Injini hiyo isiwashwe mpaka fundi aione. Tujihadhari pia na kijiti kisichoshuka kabisa mwezi mzima, maana yumkini dizeli inajaza pengo la oili iliyoungua, huku beringi zikisagika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila safari iandikwe saa za injini, dizeli iliyotumika, oili iliyoongezwa na jina la aliyepima. Tuchukue mfano. Chombo kinachotumia lita 400 za dizeli kwa mwezi na kuongezwa oili lita moja na robo hakina tatizo. Hiyo ni kama lita 3 kwa 1,000. Mwezi wa pili, kwa dizeli ile ile, kikidai lita 4, kiwango kimefika lita 10 kwa 1,000. Hapo nahodha asihukumiwe kabla injini haijakaguliwa. Na ikikaguliwa ikaonekana nzima, isivuje wala isitoe moshi, kamati itakuwa na haki ya kuuliza zaidi.

Ndugu zangu, injini ikizimika nje ya Kimbiji wakati wa kusi, upepo na mawimbi hukisukuma chombo kuelekea miambani, na ndani yake mna watoto wetu. Kwa hiyo napendekeza daftari la injini lisomwe katika kila kikao cha kamati, pamoja na hesabu za fedha.