Bibi Kate Sheppard na Kura ya Wanawake



Nimeombwa niseme habari za Bibi Kate Sheppard. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, akahamia New Zealand, katika mji wa Christchurch. Mwaka 1887 chama cha wanawake wapingao ulevi kilimkabidhi kazi ya kudai kura, maana bila kura malalamiko yao hayakusikilizwa.

Silaha yake ilikuwa karatasi. Mwaka 1891 zilipatikana sahihi zaidi ya 9,000. Mwaka 1892 zaidi ya 19,000. Mara zote mbili wakanyimwa. Mwaka 1893 zilikaribia 32,000. Ninyi mnaozunguka na daftari la chama nyumba kwa nyumba mwajua sahihi moja hugharimu hatua ngapi! Karatasi ziliunganishwa kwa gundi, zikazungushwa katika mpini wa ufagio. Bungeni Sir John Hall aliufungua mzigo ule, ukabingirika sakafuni hata mpini ukagonga ukuta.

Katika baraza la juu sheria ilipita kwa kura 20 dhidi ya 18. Gavana aliitia sahihi tarehe 19 Septemba 1893, na wanawake wote watu wazima, Wamaori pamoja nao, wakapata kura.

Lakini ilikuwa nusu ya haki. Mwanamke aliweza kuchagua, asiweze kuchaguliwa, hata mwaka 1919. Kwangu mimi, kungoja huko kwa miaka 26 kulikuwa kuzito kuliko kukusanya sahihi zote. Mbunge mwanamke wa kwanza, Elizabeth McCombs, alichaguliwa mwaka 1933. Bibi Sheppard alifariki Julai 1934, akiwa amejaliwa kuiona siku hiyo.