Kipepeo wa Bwindi

Bwindi itajwapo hapa Kampala fikira za watu aghalabu huwaendea gorila, wala si ajabu, kwani karibu nusu ya gorila wa milimani waliosalia duniani wamo humo. Ila jioni hii naomba niwazungumzie kiumbe mwingine wa msitu uo huo, kipepeo mweusi mwenye mshipi wa rangi ya maziwa uliokatiza mbawa zake, ambaye wataalamu humwita Papilio leucotaenia tangu Rothschild alipomwandika kwa jina hilo mwaka 1908.

Maskani yake ni misitu ya milimani ya Kigezi, Rwanda, Burundi na Kivu. Jamaa yake mnaye majumbani, yule mweusi mwenye madoa ya manjano atagaye juu ya milimau yetu, na kwa kumtazama huyo mtu hujua mwendo wa ukoo mzima. Jike huligusa jani kwa miguu, ambayo ndiyo aonjeayo, na akiridhika hutaga yai moja; humo hutoka kiwavi mwenye mabaka mfano wa kinyesi cha ndege, hata ndege wenyewe wasimtamani; akikua hugeuka kijani, na akichokozwa hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kisha hujifunga kijitini kwa uzi wa hariri, akatulia ndani ya gamba mpaka siku ya kulipasua na kutoka na mbawa zilizokunjamana, ambazo sharti azinyooshe na kuzikausha kabla hajathubutu kuruka.

Kipepeo hunyonya utamu wa maua mengi, bali kiwavi hana hiari: akikosa jani la mti wake hufa. Yule wa mjini aliizoea michungwa ya bustani akastawi. Huyu wa mlimani hakuuacha msitu, na msitu wenyewe, uliowekwa akiba mwaka 1932 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, umezungukwa na mashamba hadi ukingoni. Hewa nayo ikizidi joto, viumbe wa milimani hupanda kutafuta baridi, ilhali Bwindi inakoma kwenye mita 2,607.

Rai yangu ni kwamba wanafunzi wa Makerere wapelekwe Ruhija, kilipo kituo cha utafiti wa misitu, wakaandike mwezi kwa mwezi kipepeo huyu anataga juu ya miti gani na kwa kimo gani, ili walinzi wajue ni miche ipi isikatwe kuni.