Sikukuu za Wazee Wetu Mbele ya Injili



Katika Jubili hii twawakumbuka waliotuletea Injili kutoka Uingereza. Yafaa tukumbuke pia kwamba wazee wao nao walikuwa wapagani, wakifuata majira kama wazee wetu. Mtawa Beda aliandika mwaka 725 ya kuwa Waingereza wa kale walikuwa na mwezi wa mungu wa kike Eostre. Naye asema ndiko lilikotoka jina lao la Pasaka. Usiku wa Noeli wao waliuita Usiku wa Mama. Na katika Novemba walichinja ng'ombe kwa miungu yao.

Je, walitendewaje? Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimpelekea barua Abate Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda kwao. Akaagiza sanamu ziharibiwe, lakini mahekalu yasibomolewe, bali yanyunyizwe maji ya baraka. Tena watu wajenge vibanda vya matawi kando ya kanisa, wachinje ng'ombe wale wale, wale kwa furaha, wamshukuru Mungu.

Hekima hiyo hiyo ilionekana huku Masasi. Padre Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa Askofu wetu wa kwanza mwaka 1926, pamoja na mapadre Waafrika, hawakulipiga marufuku jando. Unga uliotolewa kwa mizimu uliachwa, na mahali pake pakawekwa sala; mafunzo ya adabu na ya kuwaheshimu wakubwa yakashikwa. Unyago ulikuwa mgumu zaidi, maana siri zake zilikuwa mikononi mwa makungwi, na mambo ya kina mama hayatengenezwi na wanaume peke yao.

Basi yatupasa kupambanua. Asemaye, "Tupeni yote," huwaacha vijana bila mwalimu wa utu uzima, nao watamtafuta gizani. Asemaye, "Shikeni yote," huwapa mizimu haki ya Mungu. Kila desturi na iulizwe: Yamwomba nani? Yamfundisha nini kijana?

Walimu, msikataze jambo kabla hamjawauliza wazee maana yake. Waliokuja Masasi pamoja na Askofu Steere mwaka 1876 walikuwa watumwa waliofunguliwa. Wahenga walisema, Mkataa kwao ni mtumwa. Sisi tu watoto wa huru. Tusirudi utumwani kwa njia yoyote ya hizo mbili.