Tumtazame Mdudu Kabla ya Kumwua

Ndugu wanakamati wa Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na wafadhili wetu,

Tukiona wadudu wenye kuuma, wengi wetu tunakimbilia moto au dawa. Matokeo yake tunawaua hata nyuki, wanaotupa asali na kuchavusha alizeti na maboga yetu. Basi tujifunze kuwatambua kwa maumbile yao.

Kwanza, tuhesabu mabawa. Nzi ana mawili, nyuki na nyigu wana manne. Wako nzi wenye rangi za nyuki ambao hawaumi kabisa.

Pili, tutazame mwili. Nyuki wa asali ana manyoya, na hubeba chavua kwenye miguu ya nyuma. Nyigu ana mwili unaong'aa na kiuno chembamba. Wengi huwinda viwavi wa mashambani. Sisimizi ana vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, na kiuno chenye kinundu kimoja au viwili.

Tatu, yuko ndugu yao asiye na kiuno. Jike hukata jani kwa kifaa kama msumeno na kutaga humo. Watoto wake hula kabichi, wakifanana na viwavi wa vipepeo. Hesabuni jozi za miguu minene ya tumboni: kiwavi wa kipepeo hazidishi 5, huyu ana 6 au zaidi. Dawa ya bakteria ya kuua viwavi haimwui huyu. Mkulima asiyemtambua hupoteza fedha na mboga.

Ikibidi kupuliza dawa, tupulize jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Tunaomba kila kamati iwafundishe wakulima wake hatua hizi tatu.