MTOTO HUFUATA TUNAYOTENDA
(Hotuba kwa wanachama wa Vihingo)



Hapa Vihingo hakuna mama aliyemfundisha binti yake kukuna nazi kwa hotuba. Binti alikaa kando ya mbuzi, akatazama, na siku moja akaketi juu yake mwenyewe. Ndivyo kijana naye alivyojua kupalilia mihogo. Wahenga walikwisha sema: Mwana hutazama kisogo cha nina.

Lakini jicho la mtoto halichagui. Huchukua jema na baya pamoja. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, mtaalamu Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa nyundo na makonde. Watoto wengi, walipoachwa na mwanasesere kama yule, walimpiga vile vile, na maneno yale ya ukali wakayarudia. Mwaka 1965 Bandura alieleza jambo la kutisha zaidi. Watoto walioona katika sinema mpigaji akiadhibiwa walijizuia. Lakini walipoahidiwa zawadi, walionyesha kuwa wanayajua yote. Kumbe walikwisha jifunza, wakanyamaza tu.

Ndugu zetu, tupime hapo. Tunapotoa bahasha ili shauri letu litangulie, mtoto anaona. Mdai anapobisha hodi nasi tukamtuma mtoto aseme hatupo, tumemfundisha uongo. Kesho tukimhubiria uaminifu, tunapoteza sauti bure. Hata tukimchapa, fimbo haifuti alichokiona. Siku akipata nafasi na faida, atakitenda.

Na uongozi ni vivyo hivyo. Lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, vijana walitembea masafa marefu kwa miguu kuliunga mkono. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, Mwalimu Nyerere hakutosheka na kuwapongeza. Naye alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza.

Basi sisi tulio wajumbe tusiwaagize watu kuchimba msingi wa darasa huku tumekaa kivulini. Tushike jembe kwanza. Mkutano ukiitwa saa nne, tufike saa nne. Hesabu ya michango tuisome hadharani, na watoto wawepo wakisikia.